Jumapili Tisa za Ianeta

Jumapili ile Aliitasi alipotoka kanisani hakupitia kwake kuvua kofia. Alinyoosha moja kwa moja hadi nyumbani kwa mama yake, akapanda ngazi tatu, akampita mama aliyelala kwenye mkeka wake, akampita Ianeta aliyekuwa akimkanda mama mguu, akaenda kwenye meza ya kona. Pale palikuwa na kompyuta. Akaiwekea kiganja juu, kama mtu anayepima mawe ya tanuri kama yameshika moto.

"Baridi," alisema.

"Karibu, wifi," alisema Ianeta. "Unatafuta nini?"

"Umeizima uliposikia kengele."

"Nimezima nini? Leo sijaigusa. Leo si Jumapili?"

"Ahaa! Kumbe unajua kuwa leo ni Jumapili."

Akafungua mkoba wake mweupe, akatoa simu, akamsogezea Ianeta puani. Ilikuwa picha ya karatasi iliyobandikwa ubaoni katika ofisi moja ya Apia, mji wetu mkuu, ofisi ile ile ambayo Ianeta huifanyia kazi ya kuandika vitabu vya hesabu vya maduka. Juu ya karatasi palikuwa na jina lake. Chini ya jina palikuwa na mistari tisa iliyopakwa rangi ya kijani, na kila mstari ulisema jambo lile lile: Jumapili, saa mbili asubuhi, ameingia, Jumapili, saa kumi na nusu, ametoka. Chini kabisa mtu alikuwa ameandika kwa mkono, kwa herufi kubwa: HATA JUMAPILI! NINYI WENGINE JE?

Aliyepiga picha hiyo ni Epenesa, mpwa wa mchungaji, anayefanya kazi ofisini humo. Alimtumia shangazi yake, shangazi akamtumia jirani, na kufikia wimbo wa pili picha ilikuwa imeshazunguka viti vyote vya upande wa wanawake. Siku hizi dhambi ya mtu haingoji hata baraka ya mwisho.

"Sikufanya kazi siku hizo," alisema Ianeta.

"Karatasi hii nimeiandika mimi?"

"Hapana, lakini..."

"Imeandikwa na mashine. Mashine hiyo kaifunga nani huko ofisini?"

"Mimi."

"Basi." Aliitasi akairudisha simu mkobani. "Mchungaji amekusamehe ibada ukae na mama. Kijiji kizima kinakuombea kwa jina lako. Kumbe mwenzetu unamfanya mama pazia, nyuma ya pazia unachapa kazi! Siku ya Bwana!"

"Mama mwenyewe anajua. Muulize."

Wote wawili wakamtazama mama. Bibi Fuatino alipigwa na kiharusi mwezi wa kumi, na tangu siku ile maneno yalimhama, akabakiwa na mguno mmoja tu, ule ule wa njaa, wa baridi na wa furaha. Akaguna. Kila mmoja akasikia alichotaka kusikia, na Aliitasi akaondoka bila kunywa hata koko, kakao yetu ya wageni.

Tuseme ukweli: hakuna hata mmoja wetu kijijini aliyekuwa akiielewa kazi ya Ianeta. Tulijua kwamba ofisini kwao Apia kuna kompyuta moja kubwa, na kwamba ndani ya hiyo kubwa wamo wadogo wanane wasioshikika, wanaitwa mashine pepe. Kila moja ina kioo chake, lakini kioo hicho hakipo popote; unakiita kutoka mbali, kinakuja kufunguka ndani ya kioo chako. Januari, Ianeta alipanda meli akaenda mjini siku tano kuzifunga zote nane. Alizipa namba na nywila, akafunga milango yote ya nje, akaacha njia moja ya siri ambayo mwenye ufunguo tu huipita. Kisha akarudi kwa mama mkwe wake. Kila asubuhi alikaa kwenye meza ya kona, akabonyeza, akangoja kidogo, na Apia ikamfungukia. Watani wakaziita mashine za mapepo. Wakasema pia kwamba Ianeta ana wifi wa aina mbili, wa mtandao na Aliitasi, na kwamba wa mtandao ana nafuu kwa sababu hukatika.

Yeye alicheka nasi. Angefanyaje? Hakuwa na mtu wake hapa. Kwao ni ng'ambo, upande wa pili wa kisiwa cha Upolu, na mumewe Lokeni alikuwa Australia tangu Septemba, huko Mildura, akichuma zabibu za watu. Mke anayekuja kukaa kwa watu wa mumewe sisi Wasamoa tunamwita nofotane, na neno hilo tunalitamka kwa meno. Nofotane hujua kucheka akitaniwa.

* * *

Jumatatu asubuhi wazee walikaa baraza. Nofotane haingii barazani, na hakuna aliyetumwa kumuuliza. Kabla ya saa tano faini ilikuwa imetoka: boksi kumi za samaki wa kopo na nguruwe jike mmoja mkubwa, vifike kabla ya Jumatano.

Ianeta alizisikia habari hizo kutoka kwa muuza duka, tena kwa sababu alikwenda kununua sabuni. Akarudi nyumbani akampigia simu mkuu wake wa kazi, Bi Makerita.

"Ianeta wangu!" alisema Bi Makerita. "Nyota ya ofisi! Umeona nilivyokubandika ubaoni?"

"Nimeona. Bi Makerita, nakuomba uitoe ile karatasi."

"Kwa nini? Unaona haya? Hawa wa hapa wanafika saa tatu, wanaondoka saa tisa, wanasema barabara mbovu. Nikawaambia, tazameni mwenzenu, ana mgonjwa ndani, na hata Jumapili yumo."

"Mimi Jumapili simo."

"Umo. Nimeitoa mwenyewe kwenye kumbukumbu za mashine yako."

"Kijijini wamenitoza faini."

Bi Makerita ni mtu wa mjini, wa kizazi cha tatu, na kijiji kwake ni mahali pa kupeleka michango. "Faini kwa kufanya kazi?" alisema. "Sasa sikia. Mimi sikusemi kwa yeyote. Lakini usiniambie mashine inasema uongo, maana uliifunga wewe, na mwezi ujao nakupa nyingine kumi na mbili za mteja mpya. Kama ya kwanza inasema uongo, hizo nazo zitasema nini?"

Akikubali karatasi, yeye ni mvunja Jumapili. Akiikataa, yeye ni fundi asiyejua kazi. Alishukuru, akakata simu, akakaa akiitazama ile kompyuta kama mtu anayemtazama rafiki aliyemsengenya.

Jioni alipika samaki kwa tui, akamtumia mchungaji sahani kama wake wote wa ukoo wanavyofanya. Sahani ilirudi kabla ya maombi ya jioni, na kifuniko chake hakijaguswa. Aliyeirudisha alisema kwamba nyumbani kwa mchungaji wameshakula. Ianeta akampa mama yule samaki kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu, na machozi yakamtoka bila kelele kwa sababu mama alikuwa na masikio mazima.

Pembe ya maombi ilipokwisha kupulizwa na nyimbo zikanyamaza nyumba kwa nyumba, simu iliita. Alikuwa Lokeni. Sauti tu, bila picha. Picha hula fedha, aliiweka kwa Jumapili, siku ya mama.

"Mke wangu, umelala?"

"Bado."

"Usiwe na wasiwasi tena. Nimelipa."

"Umelipa nini?"

"Ile faini. Dada alinipigia asubuhi. Nimemwomba msimamizi anikopeshe mshahara wa wiki mbili, leo nimemtumia dada. Kesho asubuhi vitu vitakuwa kwa wazee. Yameisha."

Ianeta alisimama katikati ya chumba. Aliyajua maisha ya Mildura: sita katika chumba kimoja, mikono iliyochanwa na mikasi, chakula chao cha huko ni mkate na soseji. Wiki mbili si mchezo. Alipaswa kushukuru, akashindwa.

"Lokeni, hukuniuliza."

"Nikuulize nini? Dada ameiona karatasi."

"Uniulize kama ni kweli."

"Ianeta, mimi sikulaumu. Sikia basi. Naijua kazi. Huku tukibanwa tunachuma hata Jumapili, nani atajua? Nimekuelewa. Nimekusamehe kabla hata hujasema."

"Sijakosa, unisamehe nini?"

"Haya basi, hujakosa."

Alilisema kwa upole, kama anavyoambiwa mlevi kwamba hajalewa. Upole ule ulimuuma Ianeta kuliko kiganja cha Aliitasi juu ya kompyuta.

"Jumapili ukipiga simu kumwona mama," alisema, "nani anakushikia simu?"

"Wewe."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili. Lakini hizo ni dakika kumi, mke wangu. Siku nzima ina dakika ngapi?"

Baada ya hapo waliulizana habari za mguu wa mama na za mvua, wakaagana vizuri. Ndoa nyingi hufika hapo, watu wakaagana vizuri huku kila mmoja yuko peke yake. Ianeta alilala karibu na mama, na mpaka majogoo ya kwanza hakuwa amefumba jicho.

* * *

Jumanne alifungua mashine kama kawaida, maana kazi haijui fedheha. Kioo cha Apia kikaja. Lakini hakuandika hesabu za mtu. Alifungua kumbukumbu, zile ambamo Bi Makerita alizichota zile Jumapili tisa, na badala ya kutafuta Jumapili akaziomba siku zote, tangu Januari, kwa mfululizo.

Jumapili. Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Alhamisi. Kisha Jumapili tena. Akateremka chini. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Akarudi juu, akahesabu kwa kidole juu ya kioo kama mtoto anayejifunza kusoma. Wiki tisa nzima, hapakuwa na Ijumaa hata moja.

"Mama," alisema kwa sauti, "kumbe mimi sijawahi kufanya kazi Ijumaa!"

Mama akaguna.

Lakini Ijumaa ndiyo siku yake ngumu kuliko zote. Ijumaa hufunga wiki ya kila duka, na mara nyingi pembe ya jioni humkuta bado anatafuta senti iliyopotea. Basi akatazama pembeni mwa kioo, pale mashine inapojiandikia saa yake. Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Akatazama saa ya ukutani: saa tatu na dakika kumi. Sawasawa, hata dakika haikupotea. Akatazama tarehe, akaona Jumatatu. Leo ni Jumanne.

Hapo akakumbuka. Ile ya kwanza, ambayo ndiyo yake ya kazi, aliifunga kwa mkono, akiwa bado anajaribu. Mashine ilimuuliza yuko wapi, ikamteremshia orodha ndefu ya majina ya visiwa na miji ya Pasifiki, na mwanamke wa Samoa alipofika kwenye jina Samoa alibonyeza. Nani asingebonyeza? Saa ikaja sawa na ya mkononi mwake, akaridhika, akaendelea. Hizo saba nyingine alizichukulia saa kutoka kwa kompyuta kubwa, wala hazikumuuliza kitu.

Lakini ile Samoa ya kwenye orodha si sisi. Sisi tumeandikwa mbali kule juu, kwa jina la Apia. Samoa ile ni nyingine, ya Wamarekani, ya Pago Pago, iliyo upande wa pili wa mstari wa tarehe. Saa yao na yetu ni moja, siku ndiyo mbalimbali: kwetu ikiwa Jumatatu, wao ndio kwanza wanavaa nguo nyeupe za Jumapili. Na sisi ndio tulioruka mstari huo, tukalala Alhamisi tukaamka Jumamosi, Ijumaa nzima ikapotea mwaka 2011 na hakuna aliyeidai. Watu wa namna hiyo tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza karatasi inasema siku ya nani. Hatukuuliza, na mimi nimo.

Ianeta hakurekebisha kitu. Aliifungua kumbukumbu ya kompyuta kubwa, inayoandika kila anayepita katika njia ya siri, akaiweka kando ya ile ya mashine. Kubwa ilisema Jumatatu, ndogo ikasema Jumapili. Kubwa Ijumaa, ndogo Alhamisi. Dakika zilikuwa zile zile. Akampigia Bi Makerita, akamweleza yote mara moja, asije akapoteza ujasiri.

"Kwa hiyo uliipanga vibaya," alisema Bi Makerita.

"Ndiyo. Kosa ni langu."

"Na hesabu za wateja?"

"Hesabu ziko salama. Tarehe zake naandika kwa mkono kutoka kwenye risiti. Iliyokosea ni saa ya mashine tu."

Bi Makerita akapumua. Hakuwa mtu mbaya. "Karatasi nitaitoa leo," alisema. "Lakini zile kumi na mbili za mteja mpya, Ianeta, nitatafuta mtu mwingine. Unanielewa."

"Nakuelewa."

Alimwelewa kweli. Kosa lilikuwa lake, na kosa la kweli hulipika. Lililomkaa moyoni ni lile ambalo hakulifanya, na ambalo mumewe alikuwa ameshalilipia.

* * *

Mzee Seuvaai ndiye msemaji wa baraza, na ni binamu yake Bibi Fuatino. Jumatano jioni Ianeta alimtumia salamu kwamba mgonjwa angependa kumwona, na mzee akaja, kifua wazi, leso begani, fimbo mkononi. Aliitasi naye akaja, kwa kuwa alisikia kwamba mzee anakwenda. Ianeta aliwapa koko, akaiweka kompyuta juu ya mkeka mbele yao, akabonyeza. Walingoja. Kioo cha Apia kikafunguka.

"Hii sasa ni kompyuta ya wapi?" aliuliza mzee.

"Ya Apia, mzee."

"Na sisi tuko hapa."

"Ndiyo."

"Inatuona?"

"Haituoni. Sisi ndio tunaiona."

"Afadhali, maana sijavaa shati."

Hata Aliitasi alitabasamu, kisha akakumbuka akaacha.

"Mzee, nakuomba unisomee hapa pembeni," alisema Ianeta. "Mimi nikisoma mtasema nimejisomea."

Mzee Seuvaai akatoa miwani kwenye leso, akainama. "Saa kumi na moja na robo."

"Na saa yako?"

"Kumi na moja na robo. Mashine yako ni mkweli."

"Endelea, mzee. Siku je?"

"Jumanne." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Jumanne? Jumanne ilikuwa jana. Jana tumekula..." Akakatisha. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na ghafla akapiga goti lake kwa kofi. "Pago Pago! Mashine hii iko Pago Pago! Aliitasi, si ni kama kaka yangu aliye huko? Kila Jumatatu ananipigia simu ananiambia ndiyo kwanza natoka kanisani, na mimi namwambia wewe mtu umechelewa kuzaliwa!"

Akacheka mpaka akakohoa. Ianeta alimwonyesha zile kumbukumbu mbili kando kwa kando, mstari kwa mstari, zile Jumapili tisa na Jumatatu zake tisa, na wiki zisizo na Ijumaa. Mzee aliisoma yote. Kila mstari uliompita ulimpunguzia kicheko, na alipofika mwisho hakikubaki.

"Kwa hiyo hukufanya kazi Jumapili," alisema.

"Sikufanya."

"Hata moja."

"Hata moja, mzee."

"Faini haikuwa yako." Akamtazama mgonjwa, si Ianeta. "Nitasema barazani. Nitasema pia kanisani, kwa sauti. Lakini yule nguruwe tulimla jana. Na boksi zimeshagawanywa, kila nyumba imepata makopo yake. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Sidai nguruwe."

"Alikuwa na mafuta mazuri," alisema mzee, na papo hapo akaona haya kwa kulisema.

Aliitasi alikuwa akiizungusha pete kidoleni. "Mimi nilisoma kilichoandikwa," alisema mwishowe.

"Najua, wifi."

"Ungesema."

"Nilisema. Hapa hapa. Ulikuwa umesimama pale."

"Ungesema kwa nguvu! Wewe kila kitu kwa sauti ya paka, mtu atajuaje kama unakana au unaomba chumvi?"

"Ningepiga kelele mngesema nofotane hana adabu."

Mzee Seuvaai akakohoa. Ndivyo ambavyo tungesema kweli. Aliitasi akainuka. Kando ya mkeka wa mama palikuwa na beseni la kumwogeshea, limejaa maji ya mchana. Miezi mitano alikuwa akiliona na kulikwepa. Akainama akalibeba vile vile alivyo, kofia ya ukili kichwani na pete vidoleni, akatoka nalo nyuma ya nyumba, wakasikia maji yakimwagwa. Alirudi akaliosha beseni, akalifuta, akaliweka mahali pake. Ianeta aliliona, na hakusema asante, na Aliitasi hakuingoja.

Pembe ikapulizwa. Wakaimba wimbo wa jioni wote watatu, mama akiguna nje ya mdundo, kisha wageni wakaaga. Nyumba ikabaki na watu wake wawili, kama siku zote.

* * *

Mzee alitimiza ahadi. Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo ya harusi, alisimama kanisani akaeleza habari ya Samoa mbili, na watu wakacheka sana, kila mtu akajifanya alishuku tangu mwanzo. Ianeta hakuwepo kuona akisafishwa. Alikuwa nyumbani akimgeuza mama ubavu.

Saa nne simu iliita, ya picha, kwa kuwa ilikuwa siku ya mama. Ianeta aliketi nyuma ya kichwa cha bibi, akanyoosha mkono, akaishika simu mbele ya uso wake. Ndivyo ambavyo alikuwa akiishika tangu mwezi wa kumi. Mkono ulimfa ganzi ilipofika dakika ya saba. Alijua dakika yenyewe.

"Mama! Mama yangu mzuri!" Lokeni alikuwa ameketi kitandani, nyuma yake nguo za wanaume watano zimeanikwa kwenye kamba. "Umekula? Macho yako leo mazuri. Mama, dada amenipigia. Umesikia habari za mashine? Tumecheka huku, jamaa wote wamecheka. Pago Pago!"

Mama akaguna kwa furaha. Huo mguno Ianeta aliujua.

"Ianeta, uko hapo?"

"Niko hapa."

"Umesikia? Nilijua tu. Nilimwambia dada, mke wangu si mtu wa hivyo."

Alimwona Lokeni kwenye kioo kile kidogo, kutoka juu, kichwa chini, akimtabasamia mama yake. Alikuwa amenenepa mashavu. Jua la huko limemuunguza pua. Alimpenda, na alitamani kumpiga kofi.

"Mbona kimya?" alisema Lokeni. "Bado umekasirika? Zile fedha usizifikirie, nitachuma nyingine. Ianeta? Hebu geuza simu nikuone na wewe."

Miezi yote ile hakuwahi kuliomba hilo. Ianeta naye hakuwahi kulitaja. Fedha za picha zilikuwa za mama. Ianeta alitazama mkono wake ulioshika simu kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha akaigeuza.

Lokeni alifungua mdomo aseme utani alioushika tayari. Utani haukutoka. Akasogeza uso karibu na kioo, akakunja macho.

"Umekata nywele?"

"Nilikata Novemba."

Huko Mildura mtu alipita nyuma yake akachukua shati kwenye kamba. Lokeni hakugeuka. Alikuwa akihesabu, midomo ikicheza kidogo, Novemba, Desemba, Januari, Februari, na Ianeta akamwacha ahesabu mpaka mwisho, hakumsaidia. Alipomaliza alisema, "Ianeta," kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu waagane bandarini.

Mama akaguna, akitaka amwone mwanawe. Ianeta akamgeuzia simu, akamshikia.